Mla Nawe wa Tandale

Wazee wetu wana methali isemayo, "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe." Maana yake yajulikana: wanaotia mkono katika sahani yako siku ya shibe ni wengi, lakini siku ya msiba watakaosimama nawe ni wa damu yako. Methali hii twaifundisha shuleni, na watoto huiandika katika madaftari yao kwa mwandiko mzuri. Nasi kila tuiandikapo ubaoni hukumbuka rafiki mmoja aliyekula nasi utotoni, wala hakuzaliwa nasi. Twamkumbuka na mama yake pia. Mambo yao hayakulingana na methali. Wasomaji watuwie radhi tukieleza habari ya vyakula vya njiani katika mji wa Dar es Salaam. Ni habari ndogo, lakini ndani yake limo neno kubwa.

Sisi tumelelewa Tandale, katika wilaya ya Kinondoni. Asiyefika huko na afikiri nyumba za matofali ya saruji na mabati yenye kutu, zilizobanana hata katika vichochoro vingine watu wawili hawawezi kupishana mpaka mmoja ageuke ubavu. Pana soko kubwa la nafaka, ambapo mahindi, mchele na maharagwe hufika kwa malori kutoka mikoani. Baba yetu alikuwa mchukuzi wa magunia sokoni humo. Ninyi mnaolima mahindi mwalijua gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi na kushonwa kilemba juu. Mgongo wa baba yetu ulilijua zaidi. Tena hapo wapita Mto Ng'ombe, ambao siku zile wakati wa kiangazi ulikuwa kijito cha maji machafu, na wakati wa mvua uliingia majumbani bila kupiga hodi.

Jua likiisha kuchwa, majiko ya mkaa yalikuwa yakiwashwa kando ya njia, na vibatari juu ya meza ndogo. Hapa palikuwa na vitumbua, pale bagia na kachori. Huku mahindi yachomwa na kupakwa ndimu na pilipili, kule mishikaki yatoa moshi ulioweza kumrudisha mtu aliyekwisha kupita. Mzee wa kahawa aligonga vikombe vyake, na kashata ziko pembeni. Kina mama waliopika wali na maharagwe kwa ajili ya wachukuzi waliitwa mama ntilie, maana mwenye njaa alikuja na kusema, "Mama, nitilie," naye akamtilia.

Mwenzetu tulisoma naye darasa moja na kukaa dawati moja. Mama yake alikuwa mkaanga mihogo. Mihogo hiyo ilikuwa mali ya biashara, imehesabiwa kipande kwa kipande, nasi hatukuigusa. Lakini mwenzetu alipoteka maji ndoo mbili alipewa sarafu ya shilingi ishirini; na baba yetu alipopata magunia mengi, sisi nasi tulipata yetu. Ni mara chache sarafu mbili zilikutana siku moja. Kwa hiyo ilikuwa desturi yetu kununua kitu kimoja na kukila wawili.

Kugawana kukataka sheria, nasi tukaitunga: akataye hachagui. Mmoja aligawa kachori, na mwingine akachagua nusu aitakayo. Kwa hiyo mkataji alikata kwa uangalifu kuliko mpima dhahabu. Hindi la kuchoma tulihesabu mistari yake. Mshikaki ulikuwa na nyama tatu, na ile ya tatu ilileta shauri refu, hata tukaamua kwamba mmoja aiume kwanza na mwingine apewe iliyobaki. Tena aliyeuma kwanza leo, kesho awe wa mwisho. Zamu hiyo hatukuiandika popote, lakini hatukuisahau hata siku moja.

Mwenzetu alikuwa Mwislamu, nasi tu Wakristo. Mwezi wa Ramadhani alijaribu kufunga kama wakubwa wake, na mchana hatukununua kitu. Sarafu ilikaa mfukoni mpaka adhana ya magharibi. Hakuna aliyetuamuru kufanya hivyo. Tuliona tu kwamba kachori isiyogawanywa haina ladha.

Mama yake twamkumbuka kwa usafi. Mihogo aliimenya, akaipasua, akaondoa mzizi wa kati, akailaza katika maji ya chumvi, kisha akaikaanga katika karai mpaka ikawa na rangi ya mchanga wa pwani. Juu yake aliweka kachumbari ya nyanya na vitunguu, na pilipili kwa atakaye. Chakula chake kilikuwa na kifuniko, na maji ya kunawa yalikuwa yamechemshwa. Baadaye tulipokuwa chuoni tulijifunza kwamba mihogo, mahindi, nyanya na pilipili vyote asili yake ni Amerika, na kwamba Wareno ndio waliovuka bahari na mihogo na mahindi mpaka Afrika. Tulicheka kimoyomoyo, maana sarafu ya shilingi ishirini ilikuwa imetununulia safari ndefu namna hiyo.

Mwisho wa mwaka 1997 zilishuka mvua zile za El Nino, zikaendelea mpaka mwaka 1998. Mto Ng'ombe ukapanda, vyoo vikafurika, na uchafu wake ukaingia katika visima. Kipindupindu huenda kwa njia hiyo: kijidudu chake hutoka katika choo cha mgonjwa, kikaingia katika maji, na kwa maji kikaingia kinywani. Katika mwaka ule wa 1997 nchi yetu ilihesabu wagonjwa zaidi ya 40,000, na waliokufa walipita 2,200.

Mama yetu akashikwa usiku. Alitapika na kuharisha maji kama ya kuosha mchele, na kulipopambazuka macho yake yalikuwa yameingia ndani na sauti imekwisha. Baba akampeleka katika kambi ya wagonjwa, akabaki huko kumwangalia. Nyumbani tulibaki sisi, wenye umri wa miaka tisa, na mdogo wetu wa kike wa miaka minne.

Jamaa zetu walikuja. Walisimama njiani, ng'ambo ya mfereji, wakatusalimu kwa sauti kubwa, wakauliza habari, wakaenda zao. Hatuwalaumu, nao walikuwa na watoto. Lakini jioni ile mlango ulisukumwa, akaingia mama wa mwenzetu, sufuria kichwani na sabuni mkononi. Kwanza alitunawisha. Kisha akaosha sakafu kwa maji ya dawa, akachemsha maji mengine, akatupa uji. Mwenzetu alikuwa amekatazwa kuingia. Alikaa kizingitini, akatupigia hadithi kwa mbali mpaka tukalala.

Siku ya pili mdogo wetu naye akaanza kuharisha. Yule mama hakupiga kelele. Alipima lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, akatia vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Akamnywesha kidogo kidogo, bila kukoma, huku amempakata njiani mpaka kwenye zahanati. Wasomaji na wakumbuke kipimo hicho, maana chumvi ikizidi hudhuru. Tena mgonjwa apelekwe kwa waganga upesi, asingojewe nyumbani. Kipindupindu huua kwa kukausha maji ya mwili, na kabla ya dawa yo yote, maji hayo yarudishwe. Mdogo wetu alipona. Mama yetu naye alirudi siku ya sita, amekonda, akitembea kwa kushika ukuta.

Lakini jambo lingine lilikuwa limetokea, ambalo sisi watoto hatukuliona mara moja. Watu walikuwa wamemwona mkaanga mihogo akitoka katika mlango wetu. Hawakumtukana wala kumfukuza, walipita tu. Aliyezoea kununua vipande vinne alivuka upande wa pili wa njia. Karai lilichemka, mihogo ikapoa, kesho yake vivyo hivyo. Mikono iliyokuwa safi kuliko yote mtaani ndiyo iliyoogopwa kuliko yote, kwa kuwa iligusa wagonjwa.

Jioni moja, baada ya majuma matatu, alituita sisi na mwanawe, akaweka mihogo yote ya siku hiyo mbele yetu. Alisema tule tushibe. Ndiyo mara ya kwanza tuliyokula bila kugawana: hakuna aliyekata, wala hakuna aliyechagua. Chumvi ilikuwa kama siku zote, na kachumbari vile vile, lakini hatukuweza kuimaliza. Mwenzetu aliacha kula kwanza, nasi tukaacha baada yake.

Juma lile lile walifunga mizigo, wakapanda basi kwenda kwao Rufiji, maana kodi ya chumba ilikuwa imewashinda. Mwenzetu akaacha masomo yake ya darasa la tatu. Zamu ya kuuma kwanza ilikuwa yake. Tulipokwisha kuwa walimu tulisafiri mpaka Rufiji likizo moja, tukauliza. Hatukumpata, wala aliyemjua.

Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka tena Dar es Salaam. Sisi tulipozipata habari hizo tuliwafikiri wagonjwa kwanza, kisha tukafikiri majiko yatakayozimika. Kuzuia chakula kichafu ni haki, na atakayeona amri hiyo kuwa mbaya hajamwona mtu akifa kwa siku moja. Lakini hofu haina macho. Haimtofautishi afunikaye na asiyefunika. Kazi ya kutofautisha ni yetu.

Kijijini tunakofundisha sasa yuko mama auzaye mihogo karibu na shule. Baadhi ya wazazi walitaka afukuzwe. Tuliwaomba tuende kwanza tukaangalie. Tuliona kifuniko, lakini maji ya kunawa yalikuwa ya kuchovya katika beseni moja. Basi kamati ikanunua ndoo yenye bomba, na sabuni ikawekwa. Yule mama achemsha maji yake, watoto wananawa kabla ya kununua, na jiko lake linawaka. Gharama ya ndoo ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kumnyima mtu riziki yake. Vijiji vingine vyenye shauri kama hilo na vijaribu kwanza njia hiyo.

Ile methali bado twaifundisha, kwa kuwa aliyeitunga aliona kweli mambo ya walimwengu, na mtoto hana budi kujua kwamba marafiki wa shibe ni wengi. Lakini tuiandikapo ubaoni, twawaambia watoto kwamba alikuwako mla nasi mmoja wa Tandale, na mama yake, ambao methali haikuwaweza. Kisha twawaamuru wanaokula wawili wawili chini ya mwembe wagawane kwa sheria yetu ya zamani. Wameipenda sana, na sasa hugombana kidogo kuliko zamani.