Sumu Isiyonuka

Mama akinunua samaki sokoni Likasi, humtazama macho, humbonyeza, humnusa. Akinuka, humrudisha. Ni busara ya kale, nasi tumelelewa nayo. Lakini iko sumu isiyo na harufu, na hiyo twataka kuisema.

Tangu mwaka 1930, ukuta wa Mwadingusha ulipozuia mto Lufira, tunalo ziwa Tshangalele, nalo lalisha watu wengi. Likasi iko upande wa juu, na maji ya machimbo na viwanda vya shaba hushukia huko. Mwaka 2009 wataalamu waliandika habari za watu wakaao karibu na machimbo ya Katanga: walipima mkojo wao, wakaona kobalti nyingi. Mwaka 2016 wengine waliandika juu ya samaki wa Tshangalele wenyewe, nao wakakuta kobalti, shaba na madini mengine. Basi si hadithi ya kutisha watoto.

Wako wasemao, tupike sana, moto utaiua. La! Moto huua vijidudu. Madini hayana uhai, yatakufaje? Kisu chasaidia kidogo, maana kobalti na shaba hukaa zaidi katika ini, matumbo na mashavu ayatumiayo samaki kupumua, kuliko katika nyama. Tuvitupe hivyo. Lakini samaki mdogo aliwaye mzima, chakula cha maskini, huja na matumbo yake yote.

Zebaki ina desturi nyingine. Wachimbaji wa dhahabu huko Kivu na Ituri huitumia kushika chembe za dhahabu, halafu nyingine huishia mtoni. Ndani ya matope vijidudu huigeuza, nayo huingia katika nyama yenyewe ya samaki. Hapo kisu hakiwezi kitu. Samaki mdogo anayo kidogo, amlaye anayo zaidi, na mkubwa alaye wenzake anayo kupita wote. Huumiza kwanza ubongo wa mtoto aliye bado tumboni. Kwenye mito hiyo, mama mjamzito asipewe lile pande la samaki mkubwa, hata kama ni kwa upendo.

Hatusemi watu waache samaki. Bukari bila kitoweo, nani ataimeza? Wala si haki kuwatwika akina mama mzigo wote, kwamba wana visu. Maji ya kiwanda yaweza kusafishwa kabla ya kumwagwa. Wazee wa vijiji vya ziwani wakikutana na wakubwa, waulize: samaki wetu walipimwa lini mara ya mwisho, na majibu yako kwa nani?