CHUPA, MATAMBARA NA MINERVALI



Tangu mwezi wa kwanza watu wanatuuliza swali moja njiani: "Banafunzi, muko natafuta nini mu takataka?" Wengine wanacheka. Wengine wanauliza kwa huruma, wakifikiri ni njaa. Sisi makapita wa darasa la nne la humanite tumeona ni vema kujibu kwa maandishi mbele ya mtihani wa Dola, juu kisha mtihani hatutakuwa hapa tena na kazi itabaki mikononi mwenu.

Kazi ya kapita, ninyi wote munaijua, ni kuandika wasiofika. Mwanzo wa mwaka huu tuliandika "hayuko" mbele ya jina la mwenzetu siku tatu, kisha juma zima, kisha tukaambiwa tulifute. Wanne wa darasa letu walikwenda namna hiyo. Hawakuwa wavivu, mmoja wao alikuwa wa kwanza katika hesabu. Minervali iliwashinda, wakaenda kuchimba zahabu, kwani hapa Iga Barrière huo ndio mulango ulio karibu kuliko yote. Na si mulango wa jana. Zahabu ya Kilo ilivumbuliwa mwaka 1903. Mwaka 1926 kampani ya Kilo-Moto iliundwa, mwaka 1966 ikawa OKIMO, mwaka 2010 ikawa SOKIMO. Jina lilibadilika mara nyingi, lakini kijana mwenye jembe na karai ndani ya maji ya matope ni yule yule.

Tulipokwenda kuwaona na kuwaambia warudi masomoni, mmoja alitujibu: "Munasema nirudi. Muko na faranga ya kunirudisha?" Hatukuwa nayo. Tulirudi kimya, na njiani tukaelewana jambo moja: hatuna haki ya kumwambia mwenzetu aache shimo la zahabu kama hatuwezi kumwonyesha mahali pengine pa kuokota faranga, hata kama ni kidogo.

Hapo ndipo tulipoanza kutazama shimo lingine, lile lililo nyuma ya masomo, ambamo tunatupa kila kitu na kuwasha moto siku ya posho.

Tulimwaga takataka za juma moja na kuzitenga. Majani na maganda tuliyarudisha kwenye shamba. Yaliyobaki yalikuwa ya aina mbili. Aina ya kwanza ni plastiki: chupa za maji na za limonadi, masashe, bidoni zilizopasuka, vipande vya mashitingi. Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita ilirudi katika teritware ya Djugu, watu wengi wakakimbia makao yao, na shitingi zikawa nyumba za watu. Zikichanika zinaishia chini. Aina ya pili ni matambara: nguo za balo zilizochoka, na vipande vya vikwembe ambavyo washonaji wa soko wanafagia kila jioni.

Mwalimu wetu wa kemia alitufundisha kusoma namba ndani ya pembe tatu iliyo chini ya chombo. Namba 1 ni PET, ya chupa za maji. Namba 2 ni polietileni nzito, ya bidoni. Namba 3 ni PVC. Namba 4 ni polietileni nyepesi, ya masashe. Namba 5 ni polipropileni, ambayo mifuko ya mchele inafumwa nayo. Tulidhani plastiki ni plastiki tu. Kumbe sashe inayeyuka karibu na digri 110, na PET inataka digri 250 na zaidi. Ukizitia pamoja katika chungu kimoja, sashe itakuwa imekwisha kuharibika mbele chupa haijaanza kulegea. Ndiyo sababu kazi yote ya plastiki inaanza na kutenga, na kutenga hakutaki mashini: kunataka macho na mikono.

Tena alitufundisha juu ya moto wetu wa posho. PVC ikiungua inatoa gazi ya asidi inayokata pumzi, na pia dioksini, sumu inayokaa ndani ya mwili miaka mingi. Ule moshi unaoingia katika madarasa ya chini, wadogo wetu wanaukohoa.

Dola yetu ilikwisha kuona shida hii. Tarehe 30 desemba 2017 ilitiwa sahihi amri ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia masashe ya plastiki katika inchi yote. Lakini kila mutu anayetoka soko anajua chumvi yake imefungwa ndani ya nini. Na shida si ya Kongo peke yake. Wataalamu waliohesabu plastiki yote ya dunia walitangaza mwaka 2017 kwamba katika takataka zote za plastiki zilizopatikana mpaka mwaka 2015, sehemu 9 tu katika 100 zilitengenezwa upya. Sehemu 12 zilichomwa, na 79 ziko katika majalala, mashamba, mito na bahari.

Sasa, wengine walifanya nini? Tulitafuta mifano ya watu wa huku kwetu, si ya Ulaya tu.

Huko Bukavu, takataka za ziwa Kivu zinashuka mpaka kwenye barrage ya Ruzizi na kuziba mashini za umeme. Nicole Menemene alianzisha pale kazi iitwayo Plastycor, inayookota plastiki ile na kuifanya vikapu na vyungu vya maua. Huko Nairobi, Nzambi Matee alianzisha Gjenge Makers mwaka 2017: wanachanganya plastiki na mchanga kwa joto kali, wanakandamiza, inakuwa matofali ya kutandika njia. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimpa zawadi ya vijana wanaotetea mazingira. Huko Lamu, mafundi wa jahazi walijenga chombo kizima kwa plastiki iliyookotwa, wakakiita Flipflopi, na mwaka 2019 kilisafiri kwa tanga mpaka Zanzibar. Na karibu zaidi na sisi, huko Gulu, mji wa Uganda ulioumizwa miaka mingi na vita ya LRA, Takataka Plastics wanasaga chupa na kuzifanya vigae vya ukuta. Wakati wa Korona mwaka 2020 walitengeneza vioo vya kufunika uso kwa ajili ya waganga. Mfano huu ulitugusa sana, kwa sababu watu wa Gulu hawakungoja mpaka kila kidonda kipone.

Juu ya nguo pia kuna mifano. Mwaka 1813, katika mji mudogo wa Batley huko Uingereza, Benjamin Law alipata namna ya kuchambua matambara ya sufu mpaka yawe nyuzi tena, akayafuma kuwa kitambaa kipya. Kazi hiyo ya matambara ililisha mji ule miaka zaidi ya mia. Na leo huko Kampala, Bobby Kolade na wenzake wa Buzigahill wanafumua nguo za mitumba, wanazishona upya kwa mitindo yao, kisha wanaziuza katika zile inchi zilikotoka.

Tuliposoma hayo yote, mmoja wetu aliuliza swali la maana: "Sisi tuko na mashini gani?" Hatuna ya kusaga wala ya kuyeyusha, na umeme hauko. Kuyeyusha plastiki juu ya makala bila vyombo vinavyofaa ni kununua ugonjwa. Basi tuliamua kufanya yale tu yanayowezekana kwa maji, sabuni, sindano na mikono.

Tulichagua kazi mbili. Ya kwanza, kuosha chupa na kuziuza. Tunaziosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na vijiwe vidogo ndani, tukitikisa. Maji ya kuchemka hapana, yanakunja chupa. Chupa iliyonuka petroli, dawa ya shamba, au iliyotoka kwa wachimbaji wanaotumia zebaki hatuigusi hata kidogo. Ya pili, kuomba vipande kwa washonaji, kuvikatakata na kujaza mito, ambayo ganda lake linashonwa kwa vipande vikubwa vya vikwembe. Mama mmoja mshonaji alikubali kutufundisha, akatuambia: "Batoto, kitambaa haikufi. Inachoka tu."

Chupa zilipata mnunuzi siku ya kwanza. Walikuja wauzaji wa kanyanga. Walitaka zote, ndogo na kubwa, na walilipa faranga 250 kwa chupa moja bila kubishana. Juma lile tulifurahi sana. Kisha mmoja wa wasichana wetu akasimama katika mkutano akasema hatagusa tena chupa, juu kwao nyumbani anajua kile kinachofanyika chupa ya namna hiyo ikifika mezani. Kijana mmoja akamjibu: "Chupa haina zambi. Zambi iko ndani. Tusipowauzia sisi, watauziwa na wengine, na mwenzetu atabaki kalieri." Tusiseme uongo, maneno yake yalikuwa na nguvu, na wengi walimwunga mkono. Tulibishana siku mbili.

Tulimwendea Pasta atukatie neno, lakini hakutukatia. Alituuliza tu: "Mungekubali kuandika jina la masomo yenu juu ya kila chupa munayouza?" Tulipiga kura. Waliosema tuache walikuwa 11, na waliosema tuendelee walikuwa 8. Tukaacha.

Hatuwezi kuwaambia kwamba kisha hapo baraka zilishuka mara moja. Chupa zilikaa katika stoo karibu miezi miwili, na wale wanane walikuwa wakizitazama na kututazama. Mwishowe wamama wanaouza mafuta ya mawese na asali walikubali kuchukua zile za lita moja na nusu, zenye kifuniko, zikiwa safi kabisa, kwa faranga 150. Ni hasara ya faranga 100 kwa kila chupa. Lakini wanarudi kila juma, na hatuogopi mutu yeyote akiuliza chupa hizi zinakwenda wapi.

Haya ndiyo mahesabu ya trimesta mbili. Chupa 640 zilileta faranga 96.000. Mito 22, kwa faranga 5.000 kila mmoja, ilileta 110.000. Jumla ni 206.000. Tulitoa 58.000 kwa sabuni, uzi na kumlipa mama mshonaji, ambaye hafanyi kazi ya bure. Zilibaki 148.000. Kwa faranga hizo tulimalizia deni la minervali la wanafunzi wawili. Mmoja ni wa darasa la kwanza, hajawahi kuacha masomo na sasa hataacha mwaka huu. Wa pili ni yule aliyetuuliza kama tuko na faranga ya kumrudisha. Alirudi, na ni yeye anayeshika kitabu cha mahesabu, kwa sababu hesabu zake hazikosi.

Wawili kati ya wengi si kitu cha kupigia ngoma. Mwenye bahati katika zahabu anaweza kupata kwa siku moja kuliko yale tuliyopata sisi kwa trimesta mbili, na wachimbaji wanatuambia hivyo kila mara. Ni kweli. Lakini shimo la zahabu linaanguka juu ya watu, na siku isiyo na bahati hailipi kitu. Chupa ya mafuta hailipi sana, lakini italipa hata juma lijalo, na mtoto anaweza kuiosha saa za mangaribi akiwa amekwisha kusoma. Kwetu hiyo ndiyo tofauti kubwa: kazi ya zahabu inataka kijana mzima, na kazi hii inamwacha darasani.

Sasa maombi yetu ni matatu. Kwa waalimu na Bwana Prefe: tuchimbe mashimo matatu badala ya moja, moja la majani, moja la plastiki, moja la yale yasiyofaa kitu, na moto wa posho juu ya plastiki ukome. Kwa wanafunzi wote: vueni vifuniko vya chupa na muviweke pamoja nazo, kwani chupa bila kifuniko haina mnunuzi. Kwa ndugu zetu wa darasa la tatu: njooni siku ya tano kisha ibada, mulango wa stoo utakuwa wazi. Tutawaonyesha namna ya kuosha, majina ya wamama wa mafuta, na kitabu. Pia mutakuta ndani yake ukurasa wa ile kura, 11 kwa 8. Wauzaji wa kanyanga watawarudia ninyi, na bei yao itakuwa imepanda.