Fedha Iliyozaa Dhahabu

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii nimeiandika katika insha tangu shule ya msingi, lakini uchungu wake niliuonja mwaka huu.

Ndugu msomaji, hapa kwetu Tseikuru sisi wanafunzi wa kutwa huja shuleni kwa miguu, mchangani, na jioni wengine huswaga punda kwenda kuteka maji. Kwa hivyo katika mbio za mita 5,000 nilijiona simba. Mvulana mmoja wa darasa la chini yangu aliponiomba nimfundishe, nilikubali kwa madaha. Kila alfajiri tulikimbia pamoja. Nilimwonyesha jinsi ya kupumua na jinsi ya kutomaliza nguvu mapema.

Siku ya mchujo alinipita zikisalia mita mia moja. Nafasi ilikuwa moja tu. Nilienda zangu nyumbani bila hata kumpa mkono. Nikaapa sitamfundisha tena. Nani hunoa kisu cha kumchinja mwenyewe?

Mwalimu wetu wa michezo hakunigombeza. Aliniambia tu, "Kijana, nenda ukasome habari za Patrick Sang."

Nikasoma. Sang alikuwa bingwa wa mbio za kuruka viunzi na maji, mita 3,000. Mwaka wa 1991 kule Tokyo, katika mashindano ya dunia, alipata medali ya fedha nyuma ya Mkenya mwenzake Moses Kiptanui. Mwaka wa 1992 katika Olimpiki ya Barcelona, fedha tena, nyuma ya Matthew Birir. Mwaka wa 1993 kule Stuttgart, fedha, Kiptanui akiwa mbele. Mara tatu dhahabu ilimponyoka!

Je, alinuna kama mimi? La hasha. Kijana jirani yao kule Nandi alimwendea kuomba ratiba ya mazoezi. Sang akampa. Kijana akaifuata, akarudi kuomba nyingine. Kijana huyo ni Eliud Kipchoge. Mwaka wa 2003 kule Paris, akiwa na miaka 18, alishinda dhahabu ya dunia katika mita 5,000. Akashinda marathoni ya Olimpiki mwaka wa 2016 na 2021. Mwaka wa 2019 kule Vienna alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, jambo ambalo binadamu hakuwa amelifanya. Wakati huo wote kocha wake alikuwa Sang. Dhahabu aliyoikosa mwenyewe aliipata kupitia mwanafunzi wake.

Niliona haya. Alfajiri iliyofuata nilimngoja yule mvulana njiani. Nilimpa mkono niliomnyima, kisha nikamfunza siri niliyokuwa nimemficha: wakati wa kuchomoka katika kona ya mwisho.

Katika mashindano ya kaunti ndogo alimaliza wa pili. Alinijia akibubujikwa na machozi, akasema heri aache mbio.

Nilimketisha chini ya mgunga. "Ndugu yangu," nikamwambia, "ngoja nikusimulie habari za mtu aliyekuwa wa pili mara tatu."

Kesho yake alfajiri alifika kabla yangu.