Kwetu Imetoka, Kwetu Haijaingia

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa ng'ambo alinipa kazi mtandaoni: kurasa kumi kuhusu namna mifumo ya kompyuta ya biashara tofauti inavyoweza kufanya kazi pamoja. Mie huandika chochote kinacholipa. Nikakaa nyumbani Kiembeni, feni inazunguka, nikaanza kusoma.

Wazo lenyewe si gumu. Kila kampuni imeunda mfumo wake kivyake. Badala ya kuubomoa, unatoa nje huduma ndogo ndogo ambazo mifumo mingine inaweza kuziita: angalia salio, pokea malipo. Na kabla ya kuandika kodi, mnachora modeli: malipo ni nini, ya nani, yanathibitishwa vipi. Mwaka 2001 shirika la Object Management Group lilipitisha utaratibu wa namna hiyo: mchoro kwanza, kodi baadaye. Teknolojia ikibadilika, mchoro unabaki.

Hapo nikaacha kusoma. Mimi nilitoka chuo kwa sababu ya kitu hiki hiki.

Mamangu alilipa karo kwa simu siku tatu kabla ya mitihani. Meseji ikaingia. Lakini kwenye mfumo wa chuo bado nadaiwa, na bila kumaliza karo hupati kadi ya mtihani. Ofisi ya fedha ikanituma benki, benki ikanirudisha ofisi ya fedha. "Kwetu imetoka." "Kwetu haijaingia." Mamangu akapiga: "Mwanangu, pesa si nshatuma? Ama kuna kitu hutaki kuniambia?"

Swali hilo la pili ndilo liliniuma.

Pesa zilionekana wiki mbili baadaye. Karani mmoja akanieleza: nambari yangu ya usajili ina mikwaju, benki inapokea tarakimu tu. Kwa benki mimi nilikuwa nambari moja, kwa chuo nyingine. Kurudia muhula ilimaanisha kulipa tena. Hatukuwa nazo.

Safaricom ilipofungulia mifumo ya wengine njia ya kuunganishwa na M-Pesa mwaka 2017, njia hiyo iliitwa Daraja. Mwaka uliofuata, 2018, M-Pesa na Airtel Money zikaanza kutumiana pesa moja kwa moja. Sisi wa Kisauni tunaojazana Daraja la Nyali kila asubuhi tunajua raha ya daraja. Lakini daraja linavusha tu. Kama huku na kule hamjakubaliana nani ni nani, utavuka salama na usipokelewe. Kwangu mimi, waya ulikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa benki na wa chuo kukaa meza moja na kuulizana, "Nyinyi mwanafunzi mnamwandikaje?"

Niliandika kurasa zote kumi. Mwanafunzi akafaulu, mimi nikalipwa. Nikamtumia mamangu elfu mbili, kisha nikampigia kuuliza kama zimefika, ijapokuwa meseji ya kuthibitisha nilikuwa nayo.

Siku hizi huwa nauliza.