Vitabu vitatu kwa zamu

Mwaka jana kazi ya kuandika programu ilinichosha hadi nikafikiria kuiacha. Rafu yangu ilijaa vitabu vya kompyuta tu, na vingi vilikuwa vimeshapitwa na wakati. Nikaamua kusoma kwa zamu: kimoja cha kazi, kimoja cha hadithi, kimoja cha maisha ya mtu.

Cha kazi kilikuwa The Mythical Man-Month cha Frederick Brooks (1975). Anasema mradi uliochelewa ukiongezewa watu huzidi kuchelewa, maana wageni lazima wafundishwe kwanza. Kompyuta za enzi zake zimekwisha, lakini neno lake lingali kweli.

Cha hadithi ni Siku Njema cha Ken Walibora (1996). Kijana anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake. Nilikesha nacho.

Cha tatu ni Unbowed (2006) cha Wangari Maathai, mwanasayansi aliyeanzisha harakati za kupanda miti mwaka 1977. Alianza na miche michache tu.

Kazi bado ninayo. Haijawa rahisi, ila sasa jioni nina mahali pengine pa kwenda. Je, wewe unasoma nini?