Mafuta niliyoyatupa

Siku moja nilikuta tibu ndogo ya mafuta chini ya mto wa binti yetu. Uso wake ulikuwa unabambuka, na chini ngozi inang'aa. Nikasema moyoni: huyu anajichubua! Miye mwenye kuhubiri juu ya jambo hilo kila mwaka. Nikatupa tibu ndani ya choo.

Akalia: «Papa, ile ni dawa ya chunusi. Munganga njo aliniandikia.»

Nikaenda kwa munganga mwenyewe. Ni tretinoini, akasema. Kazi yake si kumfanya mutu mweupe, inasukuma ngozi kujigeuza upesi na kuzibua vitundu vyake. Majuma ya kwanza ngozi inabambuka, hata chunusi zinaweza kuzidi. Uzuri unaonekana kiisha miezi 3 hivi. Unapakaa usiku, punje moja ya mbaazi kwa uso wote, na mchana unajikinga na jua. Mwenye mimba asiitumie.

«Na mikunjo ya sisi wakubwa?»

Akacheka: «Inapunguza, lakini polepole.» (Sikuomba.)

Nikanunua tibu ingine, nikaomba msamaha. Binti alipokea kwa mikono miwili. Lakini mpaka leo anaifungia ndani ya sanduku, na ufunguo hanionyeshi.