Askari wa Tiba Arudipo Nyumbani

Fahamu, msomaji mpenzi, kwamba si kila askari aendaye vitani huenda kuua. Yuko mmoja achukuaye mkoba wa dawa na vitambaa, ambaye kazi yake ni kuzuia damu isimwagike na kumtoa majeruhi mahali pa hatari. Huyo ndiye askari wa tiba. Nataka tufikiri pamoja juu ya jambo limpatalo siku avuapo sare.

Nchi ya Wagusii si ngeni kwa habari za vita. Mwezi wa Septemba 1914 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana hapa Kisii, na tangu zama hizo vijana wa milima hii wameingia jeshini kizazi baada ya kizazi. Mjomba wangu ni mmoja wao. Alikuwa askari wa tiba, akatumika Somalia baada ya majeshi ya Kenya kuingia huko Oktoba 2011. Alipostaafu alirudi shambani kwake karibu na Keroka, mahali Kisii na Nyamira zinapopakana.

Majirani walidhani wamepata daktari. Pikipiki ilipopinduka barabarani walimkimbilia. Naye akafunga mshipi juu ya jeraha, damu ikakatika, na majeruhi akafika hospitali yu hai. Lakini usiku mmoja aliitwa kwa mama aliyeshikwa na uchungu, naye mtoto amekaa vibaya tumboni. Mjomba hakujaribu bahati. Alitafuta gari, akampeleka hospitali mara moja, na wote wawili wakapona.

"Mpwa wangu," aliniambia baadaye, "jeshi lilinifunza kumtibu kijana mwenye nguvu aliyepigwa risasi. Mzee mwenye kisukari na mtoto mchanga ni somo jingine."

Labda utauliza: mtu kama huyu afanye nini? Njia ziko. Ya kwanza, na iliyo fupi, ni mafunzo ya mhudumu wa dharura, yule aendaye na gari la wagonjwa. Hutolewa na Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, na pia na Msalaba Mwekundu na St John Ambulance. Ya pili ni uuguzi. Ya tatu ni kazi ya afisa wa kliniki, ambayo huhitaji miaka mitatu ya stashahada na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Chuo hicho, kilichoanzishwa 1927, kina matawi Kisii na Nyamira. Lakini mlangoni huulizwa alama za kidato cha nne, na Biolojia ni miongoni mwao; wala hakuna atibuye wagonjwa kihalali bila kusajiliwa.

Wengine husema ni aibu kumrudisha darasani mtu aliyeokoa maisha chini ya risasi. Mimi sioni hivyo. Wala sioni haki kumfanya kama asiyejua kitu. Huko Marekani, mwaka 1965, Dakt. Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke aliwachukua watu wanne waliokuwa watumishi wa tiba katika jeshi la majini, akawafunza kuwa wasaidizi wa madaktari. Watatu wakahitimu 1967, na kazi hiyo mpya ikaenea nchi nzima. Ujuzi wao wa jeshini ulihesabiwa kuwa msingi, si nyumba kamili.

Mjomba alichagua njia ya kwanza, akaketi benchi moja na vijana wa umri wa wanawe. Nawe uliye shuleni leo, usiidharau Biolojia kwa kudhani kwamba ushujaa utajaza pengo lake. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haki hiyo haitimizwi na karatasi. Hutimizwa na mikono iliyofundishwa.